Mixer ya Rangi ya Kucha

Weldon: Haloo? Haloo, ni fundi Metrine?

Metrine: Haloo, ni nani huyo? Sema kwa nguvu, huku Sosiot mvua iko juu ya mabati, sisikii kitu.

Weldon: Naitwa Weldon! Natoka Silibwet, Bomet. Hunijui. Chamgei, fundi.

Metrine: Mising. Namba yangu umetoa wapi?

Weldon: Kwa Fancy, yule wa vyombo vya kanisa. Amesema Kericho hii yote hakuna mtu anajua mixer kama wewe. Na niko na dakika kumi tu kwa simu, so—

Metrine: So usizimalize na salamu. Mixer gani?

Weldon: Ile kubwa ya ma-DJ. Nyeusi, channel nne. Nataka tu kujua ni ya pesa ngapi.

Metrine: Unanunua ama unauza?

Weldon: Nauza.

Metrine: Ni yako?

Weldon: Ni yangu. Miaka miwili sasa.

Metrine: Dukani mpya inapita laki tatu. Lakini mzee, mixer haiangaliwi na macho, inasikizwa. Nimeona zingine zinang'aa kama sufuria ya harusi na ndani ni takataka. Hapo kuna stima?

Weldon: Iko.

Metrine: Washa. Chomeka headphone, weka muziki, halafu weka simu hapo karibu. Sukuma fader ya kwanza juu, polepole. Usiwe na haraka.

Weldon: Hii ya kusukuma?

Metrine: Ulisema ni yako miaka mingapi?

Weldon: Aah, nauliza tu, fundi. Haya, nasukuma. [muziki unapanda taratibu]

Metrine: Hiyo ni safi. Ya pili... safi. Ya tatu. [tik... tik] Rudia hiyo.

Weldon: Kuna shida? [tik... tik]

Metrine: Rudia tena.

Weldon: Kama ni mbaya niambie, bei ishuke... yaani, nijue nitashusha na ngapi.

Metrine: Ya nne je?

Weldon: Ya nne inanata. Inakwama hapa katikati. Ni kama mtu alimwaga soda.

Metrine: [anatoa simu ya pili mfukoni]

Weldon: Fundi? Network imepotea?

Metrine: Niko. Hapo juu ya ya tatu kuna za kuzungusha. Ile ya juu kabisa iko aje?

Weldon: Iko na alama nyekundu. Ni kama imepakwa rangi ya kucha.

Metrine: Na nani?

Weldon: Na... ni mimi. Mstari wake ulikuwa umefutika.

Metrine: Ni wewe ulipaka.

Weldon: Eeh. Nilichukua rangi ya bibi yangu.

Metrine: Bibi yako ana kucha nzuri. Ngoja hapo, nifunge mlango, mvua inaingia. [anaziba simu, anapiga kwa ile ya pili] Mathew! Mathew, ni shemeji yako. Nimepata mixer ya Bosire. Ndiyo, ya ndugu yako! Nimeisikia na masikio yangu, ile tik ya channel tatu ni solder yangu mimi mwenyewe. Mwizi niko naye kwa laini, anataka nimwambie bei. Sijui wapi bado. Usikate.

Weldon: Fundi, dakika zinaenda.

Metrine: Nimerudi. Sasa bei inategemea uko wapi. Kericho mjini nitakuambia ingine, Bomet ingine.

Weldon: Kedowa.

Metrine: Kedowa wapi? Hapo barabarani wateja wa Nairobi wanasimama, bei iko juu. Ukiwa ndani ni kitu ingine.

Weldon: Ni ndani kidogo. Nyuma ya wale wamama wa viazi, mlango wa buluu.

Metrine: Sawa. Sasa geuza hiyo mashine juu chini, unihesabie screw. Pole pole, usiruke hata moja. [anaziba simu] Kedowa, Mathew! Hapo karibu na steji yenu ya boda! Nyuma ya wauza viazi, mlango wa buluu. Chukua watu wote wa steji. Nendeni wengi. Nataka muanze na mikono, unanisikia? Mikono kwanza. Ajue vile inakuwa.

Weldon: ...sita, saba. Ni saba, fundi. Ya nane haiko.

Metrine: Najua haiko.

Weldon: Unajua aje?

Metrine: Weldon, umewahi kusikia DJ anaitwa Bosire? Wa Sigowet.

Weldon: Bosire? Kwa nini unauliza?

Metrine: Nimeuliza kama umesikia.

Weldon: Nilisikia. Yule walimkata.

Metrine: Walimkata wapi?

Weldon: Fundi, mimi nilipiga simu ya mixer, mambo ya—

Metrine: Vidole vinne! Saa nane mchana, kwa sherehe ya vijana wakitoka jandoni, watu wameshika sahani za pilau. Vijana watatu wakaingia nyuma ya spika. Akakumbatia mixer yake, akakataa kuachilia. Wakamwambia achilia, akakataa. Wakakata kimoja. Akakataa. Wakakata kingine. Unajua ni nini inanata kwa hiyo channel ya nne, kijana? Hiyo siyo soda.

Weldon: Ngai! [kitu kinagonga meza]

Metrine: Huyo ni bwana yangu. Juzi nimemlisha uji na kijiko kama mtoto. Hiyo rangi nyekundu ni ya kucha zangu, nilipaka hapa kwa meza yangu mwezi wa kumi, Bosire akinicheka. Sasa nichekeshe na wewe. Nimekuchukia, Weldon, hata kabla nikuone. Niambie tena ni yako miaka mingapi!

Weldon: Fundi, nisikize, tafadhali... [kwa sauti ya chini] si yangu.

Metrine: Najua si yako!

Weldon: Hapana, hujui! Mimi siuzi. Nanunua. Nilikudanganya. Huku kwetu tukipigia fundi hatusemi tunanunua. Akijua, anaongea na mwenye kuuza apate kitu yake kidogo, bei inapanda. Kila mtu anasema ni yake. Hata Fancy ndiye aliniambia, sema ni yako.

Metrine: Unadanganya tena.

Weldon: Naapa kwa Mungu! Niko na bonasi ya shamba la chai la mama. Nusu nimeshapea huyu jamaa, anaitwa Kipchirchir. Nilitaka kusikia bei kwanza ndio nimalizie.

Metrine: Huyo jamaa yuko wapi?

Weldon: Alikuwa hapo mlangoni, ako na panga ndani ya koti, sikutaka kuongea akisikia. Sasa... ngoja. Hayuko. Fundi, mlango wa nyuma uko wazi. Ametoka na pesa!

Metrine: [pole pole] Wewe kweli unanunua.

Weldon: Sasa nani angekupigia akuulize bei ya kitu ameiba kwako? Fundi, nani angefanya hivyo?

Metrine: Yesu wangu. Weldon, toka hapo. Toka sasa hivi!

Weldon: Kwa nini?

Metrine: Usiulize! Pita huo mlango wa nyuma, ukimbie kwa hao wamama wa viazi, ukae katikati yao! [kwa simu nyingine] Mathew! Mathew, simamisha watu, siyo yeye! Mathew! Kwani umeweka simu kwa mfuko? Mathew!

Weldon: Unaongea na nani?

Metrine: Kimbia!

Weldon: Na mixer je? Hiyo ni pesa ya mama, fundi. Nikiacha nitamwambia nini?

Metrine: Weka chini! Usishike hiyo kitu, Weldon, nakuomba, usishikwe nayo mkononi!

Weldon: Naisikia pikipiki. Ni nyingi. [ngurumo za injini, watu wanapiga kelele] Ni polisi?

Metrine: Siyo polisi. Weka chini, useme jina lako, sema unanijua mimi!

Weldon: Wamevunja mlango! Wazee, ngojeni... ngojeni! Mimi si mwizi! Mimi naitwa Weldon, natoka Silibwet, muulizeni fundi! Huyu hapa kwa simu, muulizeni fundi Metr— [kishindo]

Metrine: Ni mimi! Mathew! Wacheni huyo kijana! Mnanisikia?

Weldon: [mbali na simu] Hii nimelipa! Ni pesa ya mama, nimelipa! Wuui! [kishindo, tena kishindo] Wacheni mikono... wacheni mikono! Fundi, waambie! Fundi!

Metrine: Mathew! Mathew, kwa jina la mama yako! Wacheni!

[rungu, viatu, sauti za watu wengi, muziki wa mixer bado unacheza]

Metrine: Weldon, ongea na mimi. Weldon. Achilia hiyo kitu, watakuacha. Achilia tu!

[muziki unakatika]

Mathew: [anahema] Haloo? Hii simu ni ya nani? Nani huyu?

Metrine: Mathew.

Mathew: Eh, shemeji! Kumbe ulikuwa bado unamshikilia kwa laini? Wewe ni mwanamke kabisa. Mixer tumepata. Iko mzima, haina hata alama. Mwambie Bosire leo alale vizuri.

Metrine: Mathew, siyo yeye.

Mathew: Siyo nani?

Metrine: Huyo alikuwa ananunua. Aliyeuza ametoka na mlango wa nyuma. Mimi ndiye nilikosea. Weka simu kwa sikio lake, nisikie akipumua.

Mathew: Ati alikuwa ananunua?

Metrine: Weka simu kwa sikio lake!

Mathew: Shemeji... wewe ulisema tuanze na mikono.

Metrine: Najua nilisema. Anapumua?

Mathew: Tulimwambia aachilie. Mara ngapi tulimwambia! Akaikumbatia hivi kwa kifua, akakataa kabisa. Hata tulipoanza vidole alikataa, ni kama—

Metrine: Ni kama nani, Mathew?

[dakika za Weldon zinaisha, tuu, tuu, tuu]

Metrine: Ni kama nani? Haloo? Haloo?