Unga Unaokula Zebaki

BIBI: Haloo... nani wewe, mwenye namba ndefu kama foleni ya kisimani?

VIOLETH: Mimi, bibi. Violeth. Shikamoo.

BIBI: Marahaba, marahaba ng'wana wane, mwanangu! Ngoja nitoke nje, humu mvua inapiga bati na mtandao unakata. [Kuku wanalia.] Haya, nimejifunika beseni kichwani. Mume hajambo?

VIOLETH: Bibi, sina mume.

BIBI: Nakumbusha tu. Ubelgiji yote hiyo wanaume wamekwisha?

VIOLETH: [anacheka kidogo] Salio langu ni la dakika chache, bibi. Mdogo wangu anaendeleaje?

BIBI: Dorika? Yuko jikoni. Mimba ina miezi minane sasa, tumbo limeshuka. Asubuhi kala viazi vitatu na maziwa mgando, akaomba udongo wa kulamba, nikamnyima. Mikono yake tu ndiyo inayotetemeka, jana kikombe kilimpo—

VIOLETH: Bado inatetemeka? Si aliacha kuchoma dhahabu?

BIBI: Aliacha. Juma lililopita karudi.

VIOLETH: Anachomea wapi?

BIBI: Jikoni. Mvua hii atachomea wapi? Mumewe analeta kile kidonge, dhahabu na zebaki walivyovikamua kwenye kitambaa. Dorika anakiweka kwenye kijiko, juu ya makaa, moshi unapanda mpaka kinabaki cha njano. Usihofu. Dawa tunayo.

VIOLETH: Dawa gani?

BIBI: Si unga wako! Ule mweupe, wa chupa ndogo, uliouacha kabatini ulipokuja Agosti, chini ya vitenge vyangu.

VIOLETH: Bibi... ule ulikuwa wa kupimia maji ya machimbo. Nilisema usiguswe.

BIBI: Ulisema huo unga unakula zebaki. Hapo hapo mezani, ukinimenyea muhogo. Mimi nikakaa na chupa siku tatu naitazama. Nikasema, dawa ilale kabatini, na mtoto wa watu anatetemeka? Nikatia kijiko kimoja cha unga kwenye mtungi wa maji, nikakoroga, nikaacha itulie. Anakunywa asubuhi na jioni.

VIOLETH: Anakunywa?!

BIBI: Usinipigie kelele, beseni linavuma.

VIOLETH: Nisamehe. Nisamehe, bibi. Nani mwingine amekunywa?

BIBI: Jumamosi jumuiya ya kanisa ilisali kwangu.

VIOLETH: Bibi...

BIBI: Ningefanyaje? Mama Ghati naye alikuwa anachomea jikoni. Mke wa Kalisti naye. Mtu hafichi dawa mbele ya wenzake waliotoka kusali. Niligawa kijiko kimoja kimoja, nikafunga kwenye karatasi za daftari, nyumba kumi na moja. Wakapiga vigelegele, wakasema Scolastika, mjukuu wako— haloo?

VIOLETH: Nipo.

BIBI: Mbona unapumua hivyo? Umepanda ngazi?

VIOLETH: Nimepiga kukuambia habari ya huo unga. Ile punje moja, usiyoweza kuiona kwa jicho, ina vitundu ndani kama kichuguu. Unakumbuka?

BIBI: Nakumbuka. Na zebaki inaingia humo, haitoki.

VIOLETH: Ndivyo tulivyoamini. Tulikuwa tunapima kwa jumla, unga mwingi, maji mengi, na zebaki ilipungua. Sasa huku maabara wamenipa hadubini nyingine. Nakaa kwenye chumba cha giza na kutia chembe za rangi inayowaka, ili nione njia ndani ya vitundu. Naziona moja moja, kama vimulimuli.

BIBI: Eeh, nzuri hiyo.

VIOLETH: Miezi mitano nimezitazama, bibi. Haziingii. Zinakwama mlangoni. Milango ikishaziba, ndani yote ni tupu. Punje inashika zebaki kidogo tu kwa nje, kisha inaachia.

BIBI: Inaachia.

VIOLETH: Ndiyo.

BIBI: Labda za huko. Hizi zetu—

VIOLETH: Ni zile zile. Na hata unga ungefanya kazi, ni wa maji. Dorika haumizwi na mtungi, anaumizwa na moshi. Moshi ndio—[mkwaruzo]—na mtoto aliye—

BIBI: Sikusikii!

VIOLETH: Wasichome ndani! Wasinywe! Aende kliniki leo, aseme kila kitu. Na wewe pita nyumba kwa nyumba uwaambie.

BIBI: Nyumba kumi na moja. Nifike kwa Mama Ghati nimwambie nini? Alikuwa ameacha, kama Dorika. Wote walikuwa wameogopa, Violeth, tangu ulipowaeleza ubaya wa moshi ile Agosti. Wamerudi kwa sababu yangu.

VIOLETH: Kwa sababu yangu mimi.

BIBI: Na wasipochoma, wale nini?

VIOLETH: Bibi, mtungi bado una maji yale?

BIBI: Basi nimwage mtungi. Hilo naliweza. Namwagia mchicha.

VIOLETH: Usimwagie mchicha! Kama unga umeshika chochote, kitaingia kwenye mboga.

BIBI: Mtoni?

VIOLETH: Wapi! Ng'ombe wananywa mtoni.

BIBI: Niweke wapi sasa?

VIOLETH: Ufunike kwanza. Uandike... ufunike tu.

BIBI: Mpaka lini?

VIOLETH: Sijui, bibi.

BIBI: Wewe uliyesoma hujui?

VIOLETH: Sijui.

BIBI: Usilie. Na huko kuna baridi. Subiri, Dorika katoka, anataka simu. Mwambie wewe, mama. Mimi mdomo umekuwa mzito.

DORIKA: Dada! Shikamoo! Dada, tangu ile dawa nalala usiku kucha, siogopi tena. Mtoto akiwa wa kike jina ni Violeth, nimeshamwambia baba yake—

VIOLETH: Dori, nisikilize. Dori, ile da—

DORIKA: Haloo? Dada? [Laini imekatika.] Bibi, salio limemwishia. Alikuwa anasema nini?

BIBI: Keti hapa na mimi. Jikoni usirudi.

DORIKA: Kwenye mvua, bibi?

BIBI: Kwenye mvua hii hii.