Bomba Limefika, Bi Mwatum Kahamishwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa uliyekuja kutufungulia bomba. Masheikh, wazee wetu na majirani: Assalaam alaykum.

KUKARIBISHA

Karibu Ng'ambo. Tumefagia, tumetandika majamvi, na kahawa iko motoni. Tuliambiwa risala ya leo iwe ya shukrani tupu. Tunashukuru. Lakini shukrani inayoficha dhuluma ni unafiki, basi tuwie radhi tumtaje mtu mmoja asiyekuwapo hapa.

BOMBA LILIVYOPATIKANA

Ni Bi Mwatum binti Mjaka, mshona kofia, mjane wa marehemu Silima aliyekuwa hamali bandarini. Nyumba yao ya udongo na makuti waliijenga kwa mikono yao, juu ya kiwanja cha kukodi, kama sisi sote. Ndiye aliyechoka kuona watoto wa mtaa wakiugua matumbo kwa maji ya kisima. Akajitanda buibui lake, akapiga hodi nyumba hadi nyumba, akitusihi twende serikalini tukaombe maji. Wanaume tukaona haya kukaa barazani naye anahangaika, tukamfuata.

TULICHOKIPATA

Ombi likakubaliwa. Mwatum alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mtaro wa mabomba haujachimbwa hata nusu, akaja msimamizi wa mwenye kiwanja.

"Bi Mwatum, kodi inapanda. Mtaa wa bomba si mtaa wa kisima."

"Bomba nimeliomba mimi! Mwenye kiwanja kaleta nini?"

"Ardhi."

Kodi hiyo mpya ilimeza kila kofia aliyoshona, asibakize hata ya unga. Akaomba asubiriwe mpaka Idi, kofia zinapouzika. Akajibiwa: "Nyumba ni yako, ichukue. Kiwanja ni chetu, kiache."

Mheshimiwa, nyumba ya udongo inachukuliwaje? Tulimsaidia kung'oa mlango na boriti. Kuta zilibaki, na mvua ya masika ikazirudisha matope, naye amesimama anatazama. Sasa analala sakafuni kwa shoga yake, Bi Sheikha, katika chumba kimoja na watoto wa mwenyeji wake.

SHIDA ZETU

Wala si yeye peke yake. Asubuhi tunavuka kwenda mjini kufua, kupika na kubeba mizigo ya watu. Ujira umelala, kodi inakimbia. Ukitaka kuezeka bati, hukatazwa, usije ukajiona mwenyeji. Mtu afanye kazi mpaka mgongo upinde, kisha asiweze kulipia mahali pa kuunyoosha? Haki gani hii?

TUNALOLIOMBA

Jana tulimwendea Bi Mwatum, aje awe wa kwanza kunywa. Akasema: "Nendeni, wanangu. Mie ntakunywa maji ya mtaa siku ntakayokuwa na mtaa."

Tukamuuliza, basi tukuombe nini wewe mgeni wetu.

"Msiniombee nyumba. Ombeni sheria. Huruma ya mtu hufa naye."

Basi tunaomba sheria. Kodi ya kiwanja isipandishwe kwa kheri ambayo mwenye kiwanja hakuitia mkono, na asihamishwe mtu bila ya kulipwa thamani ya nyumba yake. Na jibu tunaliomba leo, mbele ya watu wote hawa, kabla hujaligusa bomba.

Mwenyezi Mungu akupe sikio la kusikia na ulimi wa kujibu. Amin.

Ni sisi,
Wenye nyumba tusio na ardhi,
Ng'ambo, Unguja, 1956.