Kokoto Zilizosuguliwa

Kwenye Noah ya abiria ya Mandewa, mwanamke mmoja alikuwa akimlalamikia mzee aliyeketi kando yake. "Baba, chujio letu la kokoto la maji ya kuoshea vyombo linanuka, na migomba ya marehemu mama inayopata maji humo inanyauka."

"Umelifanya nini?"

"Kokoto zilikuwa na utelezi. Nikazitoa zote, nikazisugua kwa sabuni."

"Ala! Ule utelezi ndio vijidudu vinavyokula uchafu. Umewaua mafundi!"

"Mama angeukuta utelezi kwenye chombo changu, angenichapa."

Nilicheka kimoyomoyo. Sisi pia utotoni tulisugua sufuria kwa majivu mpaka tukaona nyuso zetu humo.

"Utelezi utarudi wenyewe, wiki chache tu," mzee akasema.

"Na migomba itangoja?"

Mzee akakuna kidevu.

"Mama aliimwagilia kwa kata, huku akiisalimia kwa Kinyaturu. Nami nitafanya hivyo," mwanamke akasema taratibu, na gari likasimama.