Bi Kosa na Kompyuta Iliyojifanya Kikongwe

Tarehe 30 Juni, Bi Kosa, fundi wetu wa kompyuta, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda hiki cha vitabu vya wasioona kwa miaka ishirini na tisa. Uongozi uliomba wasifu wenye heshima. Tumejitahidi, lakini anayesifiwa ni yeye, kwa hiyo tusamehewe.

Aliajiriwa kufunga nyaya. Siku ya kwanza alitangaza kwamba nyaya hazina shida, shida ni aliyezifunga. Aliyezifunga alikuwa meneja. Vikao hakuvipenda, alisinzia kwa adabu karibu na mlango, na akiulizwa maoni alisema anaunga mkono. Ndivyo alivyowahi kuunga mkono kufutwa kwa likizo yake mwenyewe.

Jina la Bi Kosa alilipata mwaka ule kompyuta kuukuu ilipokata roho. Ni hiyo tu iliyoweza kuendesha programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta nundu zinazosomwa kwa vidole. Waliotengeneza programu walishafunga biashara, na kompyuta zetu mpya, zenye mfumo tofauti, hazikutaka hata kuisikia. Mitihani ilikuwa imekaribia. Meneja akataka kazi ipelekwe kiwanda kingine, ambacho kingechelewa, na wanafunzi wasioona wangefanya mtihani baada ya wenzao, kama walivyozoeshwa. Bi Kosa akakataa katakata.

Mtandaoni alipata programu huria inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya mpya. Watu wa kujitolea waliiandika kwa ajili ya mfumo mwingine kabisa. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, ulikuwa wazi kwa yeyote, ila ilibidi aukompaili upya, yaani augeuze uwe programu inayokubalika kwenye mashine zetu. Kila alipojaribu, kioo kilijaa makosa, naye akayasoma kwa sauti, pamoja na matusi ya nyongeza. Akirekebisha moja, yanazuka mengine. Mumewe, fundi cherehani, alitulalamikia kwamba hata mezani mkewe anagombana na mtu asiyeonekana. Mmoja wa waandishi wa programu, alipoulizwa, alijibu kwamba haiwezekani. Bi Kosa alimshukuru, akaendelea.

Hatimaye ikakubali. Kompyuta mpya ikajifanya kikongwe, na mtambo wa kuchapa nukta ukaanza kugonga karatasi ya mtihani wa hesabu, nukta zote zikiwa zimegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Msahihishaji wetu, ambaye haoni, alipapasa na kuuliza kama karatasi imeota upele. Bi Kosa akaurudia msimbo. Ukurasa uliofuata msahihishaji aliupapasa taratibu mpaka chini.

“Hili swali la tatu ni gumu,” alisema. “Watateseka.”

Bi Kosa aliketi sakafuni akalia, na kila aliyemtazama alifukuzwa chumbani.

Wanafunzi wakateseka kweli, lakini asubuhi ileile na wenzao. Wengine walifaulu, wengine waliangushwa na swali la tatu, kama watoto wengine wote.

Marekebisho yake aliwatumia wale wa kujitolea. Yule wa “haiwezekani” aliyapokea, akaliandika jina lake miongoni mwa waandishi. Bi Kosa hujifanya hajali. Mwulize tu, utaonyeshwa kwenye simu kabla hujamaliza swali.

Asante, Bi Kosa, kwa kazi, na hata kwa matusi, ambayo mengi tumeyakariri. Tunakuombea afya, siku ndefu, na mume asiyechoka kukusikiliza. Ukae kwa raha, mama. Chumba chako kitakuwa kimya mno, nasi hatujui tutauzoeaje ukimya huo.