Milango ya Abdi

Alhamisi tarehe 6 Februari mwaka 2025, kabla ya adhana ya alfajiri, mdogo wangu Abdi alitoka uani kutawadha, akaanguka, hakuamka tena. Tulimzika siku hiyohiyo baada ya alasiri. Sisi ni maseremala hapa Chanika, Handeni. Mimi nilikuwa nakata na kuunga mbao. Yeye alikuwa akitafuta wateja, akiipeleka milango na kuifunga kwenye nyumba zao. Mbele ya karakana yetu pana benchi la mbao za mabaki, na Faraji muuza kahawa huweka jiko lake hapo. Siku ninayoisimulia, Idi ilikuwa imepita na masika yameanza. Walikuwa wamekaa watatu wa siku zote: Vocha, ambaye jina lake ni Yordani na anauza laini za simu; Diwani, yaani Valerian, aliyegombea udiwani na kushindwa mpaka jina likamganda; na mzee Abraham, tunayemwita Manamba kwa sababu babu yake aliletwa Korogwe kama manamba, kibarua wa kukata mkonge. Siku hiyo kulikuwa na jambo moja. Tajiri mmoja wa Korogwe alikuwa anakuja alasiri kununua mashine na vifaa vyangu vyote, nao walikuwa wananishauri nimwuzie.

— Fundi Mustapha, nakwambia kwa upendo, alisema Vocha. Mikono unayo. Watu huna. Watu walikuwa wa Abdi.

— Na Abdi tumemzika, Mungu amrehemu, Diwani akadakia. Watu hawarithiwi kama shamba.

— Wanatafutwa, alisema Vocha. Konekisheni, mzee baba. Mimi kwenye simu hii nina watu mpaka Kigoma. Kila anayenunua laini kwangu, namba yake nabaki nayo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wakikupigia wanasemaje? aliuliza Manamba.

— Hawapigi. Lakini ninazo.

Mimi nilikuwa nanoa patasi. Nikaendelea kunoa.

— Namba ni takataka, alisema Diwani. Mtandao ni wakubwa. Ila wengi wanakosea, wanamtafuta mkubwa akishakuwa mkubwa. Samaki mkunje angali mbichi. Unatafuta karani mdogo, viatu vimemtoboka, unamlea. Miaka inapita, anakuwa mkurugenzi. Wewe tayari umeshamkunja.

— Umeshamkunja nani? aliuliza Vocha.

— Yupo mmoja. Alihamishiwa Rukwa.

— Basi amenyookea hukohuko.

Faraji alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye jiko. Diwani hakucheka.

— Wote hamna akili, alisema Manamba. Babu yangu kambini kwenye mkonge aliwakuta Waha, Wamakonde, Wanyamwezi, hajui hata mmoja. Alifanya nini? Aliwatania. Mtani hawezi kukunyima kitu. Sasa Mustapha aende Mombo, mabasi yanaposimama abiria wanunue chakula. Apande kila basi, atanie kila kabila. Kabla ya Idi Kubwa nchi nzima itakuwa inachonga milango kwake.

— Atapigwa, alisema Vocha.

— Akipigwa ndiyo anajulikana. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Mzee, methali hiyo haihusiki.

— Inahusika sana. Wataanza kumshika shati, wataishia kuwa ndugu.

— Na wewe kwa nini hujaenda Mombo?

— Mimi nina mguu, alisema Manamba, akaukunja mguu wake ili tuone.

Wakarushiana maneno hivyo kwa muda. Vocha akasema nivae suti niingie harusi za watu nisiowajua, nikae meza ya mbele, nishangilie kuliko shangazi wa bibi harusi. Kisha Diwani akapiga benchi kwa kiganja.

— Nimeipata. Kisomo. Umfanyie Abdi kisomo kingine cha dua, kikubwa, na maturubai. Ualike matajiri na watu wa halmashauri. Wakishashiba ubwabwa, unasimama unaitangaza karakana. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Nikaiweka patasi chini.

— Dua ya ndugu yangu si tangazo la biashara, nilisema. Hilo halitafanyika nikiwa hai.

Faraji alimimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

— Tusamehe, fundi, alisema Diwani. Lakini basi uza. Yule tajiri atakuajiri. Utakaa Korogwe, utafanya kazi kwa mtu mwenye watu.

— Siuzi.

— Mwezi mzima hujapata hata oda ya kiti.

— Siuzi.

— Kwa nini?

Nilimwambia tu kwamba riziki yetu haikuwa ya Abdi, ilikuwa ya Mwenyezi Mungu, na Mwenyezi Mungu hafi.

— Hiyo ni imani, fundi, alisema Vocha kwa upole. Sisi tunauliza wateja.

Hapo ikasimama bodaboda, akashuka mwanamke mwenye kanga kichwani na matope mpaka magotini.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama, alijibu Manamba. Kaa, kahawa ipo.

Hakukaa. Alinitazama, akajua ni mimi. Abdi na mimi tulifanana paji la uso.

— Naitwa Fausta, natoka Makuyuni, kule Korogwe. Nilikuwepo msibani, kaka, ila nilikuwa jikoni na wanawake, hatukuonana. Pole sana.

— Nimeshapoa, dada. Karibu.

— Mlango wetu umevimba kwa mvua. Juzi mama alikwama ndani, jirani akaja kuupiga mateke. Sasa analala mlango wazi, na yeye ni mgonjwa.

— Mlango huo mlichongewa lini? aliuliza Diwani.

— Zamani. Binti yangu alikuwa mgongoni, leo ameolewa. Lakini kila masika Abdi anakuja na randa. Anaupunguza ubavuni, anakula alichokikuta, halafu anakwenda kwa jirani yetu Grasiana, kwa shemasi, mpaka kule bondeni. Hajawahi kutudai. Hata mtu akijenga nyumba mpya, tunamwambia asubiri masika, ampe Abdi kazi ya milango.

Vocha alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo. Hakunywa.

— Basi mvua zimeanza, alisema Fausta. Watu wamenituma niulize. Mwaka huu anakuja nani?

Vocha alitazama simu yake, kisha akaifunika kwa kiganja. Diwani alikohoa. Faraji alitikisa birika akasema kahawa imekwisha, ingawa hakuna aliyemwuliza. Mimi nilijua kwamba kila masika Abdi hupotea siku nyingi na randa. Nilikuwa nikisema anakwenda kutembelea watu. Na kweli, alikuwa anakwenda kutembelea watu.

— Nakuja mimi, nilisema.

— Fundi, tajiri anakuja leo, alisema Diwani.

— Mwambieni sipo.

— Tumwambie umekwenda wapi?

— Kupiga randa mlango wa mtu.

— Bure?

— Bure.

— Lakini watu wale walimpenda Abdi, alisema Vocha, na sasa hakuwa akinidhihaki. Wewe huna maneno, fundi. Wewe hata salamu unaitoa kwa kipimo.

— Basi wasinipende. Milango yao itafungika.

Manamba akainuka na ule mguu wake, akanishikia mfuko wazi nilipokuwa naweka randa na patasi. Fausta alikuwa ameshapanda bodaboda, akajisogeza mbele kunipa nafasi.

— Abdi alikuwa hachagui chakula, alisema. Wewe je?

— Sichagui.

Tulipata basi la Korogwe kabla ya alasiri. Mvua ilitufuata njia nzima, na Fausta alilala. Mimi nilinyanyua mikono yangu juu ya ule mfuko, nikaomba polepole kama nilivyofundishwa. Ewe Mola wangu, mghufirie Abdi, umrehemu, lipanue kaburi lake na ulitie nuru. Kila nyumba aliyoingia kwa heri na kula humo, ijaalie iwe shahidi wake siku ya Kiyama. Nasi tuliobaki, tukutanishe naye ukiwa radhi nasi. Amin.