Kinoa ya Nayra

Kibanda kinachoning'inia kwenye waya kilikuwa kinatushusha kutoka El Alto kwenda La Paz, magoti yetu yakigusana, na masikio yangu hayajui kufumba macho. Bibi mmoja, furushi la kinoa, nafaka ya milimani kwetu, mapajani, alikuwa akimweleza dada mwenye koti la uuguzi kwamba anakwenda kuiuza anunue dawa ya damu. Mjukuu wake, Nayra, amepungukiwa damu.

"Si umpikie hiyo hiyo, bibi? Inajenga damu, tena ina nguvu."

"Nilimpikia. Nikaiosha maji saba, uchungu wote ukatoka. Alipofika nayo shuleni wenzake wakamwigizia mlio wa kuku, eti anakula chakula cha kuku. Sasa anataka tambi kama wao."

"Mlazimishe."

"Utakuwepo wewe akilia?"

Dada akasogeza miguu yake. Chakula chake cha mchana kilikuwa kwenye kopo la plastiki miguuni, nami nilikuwa nimeshachungulia: tambi.

Tulipofika kituoni, dada alimwinulia bibi furushi mgongoni, akamfungia fundo kifuani.

"Zito hili, bibi."

"Ndiyo mbegu niliyoiweka nipande mwakani," bibi akasema, akashuka.