Mama Mashavu na Macho ya Chewa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwatibu samaki wa maji chumvi wa jumba letu la maonyesho, daktari wetu anastaafu. Sisi wa vyumba vya nyuma tunamwita Mama Mashavu, maana akifika kwenye tangi haangalii rangi wala mapezi. Anaangalia kwanza mashavu ya samaki yanavyofunguka na kujifunga. Akiyaona yanakwenda mbio, siku hiyo hakuna atakayekunywa chai kwa raha. Kuandika nimepewa mimi, fundi wa pampu, kwa sababu nimekaa naye kuliko wote, na kwa kusema ukweli hakuna mwingine humu anayejua kusimulia.

Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, hata mlinzi wa geti anaviona. Lakini kuna vimelea vinavyomvaa samaki kama vumbi laini la dhahabu, na ukisubiri uvione vizuri umeshachelewa. Siku moja alikuwa anapita zake na kikombe mkononi, akasimama mbele ya kundi ambalo sisi tuliliona linacheza tu, akaamuru litolewe lote palepale. Darubini ikamuunga mkono. Kikombe alikisahau juu ya pampu yangu, na pampu siku hiyo haikuthubutu kutikisika.

Hayo yote ni mchezo ukilinganisha na habari ya chewa wetu, Bwana Mkubwa, mwenye uzito wa ng'ombe (sawa, wa ndama, kwa wabishi). Mwaka wa kufungua ukumbi mpya alianza kujikuna kwenye mawe, akasusa chakula, macho yakaingia ukungu. Tukasema ni uzee. Mama Mashavu akasema uzee haujikuni. Alishuku minyoo bapa, myembamba hata ukadhani ni ngozi yenyewe, inayong'ang'ania mpaka juu ya jicho.

Tiba ni kumwogesha kwa dakika chache maji yasiyo na chumvi, yenye joto lilelile la tangi. Minyoo haiyawezi. Tatizo, samaki wa bahari naye hayawezi sana, na wa umri ule anaweza kukata roho mikononi mwako. Tulimbeba kwa machela watu wanne, ingawa watatu walishika kwa heshima tu. Daktari akaingia kwenye beseni na nguo zake, akamkumbatia, akawa anahesabu pumzi zake kwa sauti. Mara minyoo ikaanza kugeuka myeupe na kudondoka, ikatapakaa chini kama chenga za mchele. Mimi nimeshapigwa na umeme wa fezi tatu nikasimama, lakini pale nilirudi nyuma hatua mbili.

Tukashangilia. Mkurugenzi akataka Bwana Mkubwa arudishwe haraka, wageni wa ufunguzi wako njiani, na sote tukaona sawa. Mama Mashavu akagoma. Mayai ya minyoo yalikuwa yamenata kwenye mawe ya tangi, na samaki akirudi mle angepofuka kweli. Akaagiza tangi likaushwe, samaki akae kwa muda kwenye tangi jingine. Mkurugenzi akalalamika kwamba anamtia aibu. Akajibiwa kuwa aibu itapita, upofu haupiti.

Basi ukumbi ukafunguliwa mbele ya tangi kavu, pampu zangu kimya kama zimefiwa. Wageni wakatazama mawe. Ndipo Mama Mashavu akatokea na chupa ya kioo yenye ile minyoo, akaanza kuwaeleza. Sijapata kuona watu wa tai wakisukumana kuona minyoo. Mkurugenzi alikuwa mbele kwenye foleni.

Chewa aliogeshwa tena, akarudi kwake macho maangavu kama kioo kilichofutwa sasa hivi. Tangu hapo daktari akiingia ukumbini, yule samaki huacha pango lake akamfuata upande wa pili wa kioo, mwanzo mpaka mwisho. Wengine wote anatupa mgongo, hata mimi ninayempa maji.

Mama Mashavu, asante. Umemwachia macho mazima, na kuanzia Julai atayatumia kukutafuta. Hatujui tutamwambia nini. Kapumzike na mzee wako na wajukuu, afya isikuache, na miguu ikikuleta huku, pita karibu na kioo.